Damu ya Dada Haikutaka Barafu

Dada yangu aliamua Jumatatu kwamba atakwenda Bombay, na kufikia Jumatano alikuwa ameshagombana na watu wanne kuhusu safari hiyo. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Alikuwa anauza mapazia kwenye nusu fremu ya duka, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Nusu nyingine ilikuwa ya muuza viatu vya mtumba. Miaka hiyo soko huria lilikuwa limeshatuzoea. Nyumba za mabati zenye ua zilikuwa zinabomolewa moja baada ya nyingine kupisha ghorofa, na kila aliyeweza kusimama wima alikuwa na kitu cha kuuza. Dada alichukua vitambaa vyake kwa jumla kwa mzee mmoja wa Kihindu kule Kisutu. Watoto wa mzee huyo walikuwa wamehamia Kanada na yeye alikuwa anafunga duka. Siku ya mwisho alimwambia dada bila kuficha, "Mama, mimi natoa hukohuko India. Shuka Bombay, panda treni. Nenda mwenyewe, utachagua rangi mwenyewe."

Neno hilo la kuchagua rangi ndilo lililommaliza. Alipata wenzake wawili wa kwenda nao, muuza mashuka na muuza vitambaa vya suti, ili walale watatu chumba kimoja. Pasipoti akapata. Ilibaki kadi ya njano, ile inayoonyesha kwamba msafiri amechanjwa homa ya manjano. India hawakuwa na mchezo na kadi hiyo. Ukitoka Afrika bila kadi, wanakufungia siku sita.

Kwa wenzake, hiyo ilikuwa shughuli ya asubuhi moja. Kwa dada haikuwa hivyo, kwa sababu alikuwa anaishi na virusi vya Ukimwi. Shemeji alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na waliojua habari ya dada tulikuwa wachache: yeye, mimi, daktari wake, na nesi mmoja mstaafu wa mtaani kwetu. Vidonge alikuwa ameanza mwaka mmoja kabla. Alivimeza saa ileile kila siku, akiwa amevificha kwenye kopo la vifungo vya mapazia.

Nilimlazimisha apite kwanza kwa daktari. Alikwenda amenuna, na mimi nikakaa pembeni yake kama mdhamini.

"Siwezi kukupeleka kwenye chanjo hii bila kujua CD4 zako ziko ngapi," daktari alisema.

"Si ndiyo askari wa mwili? Nimewalisha vidonge mwaka mzima. Watakuwa wameshiba."

Daktari alivua miwani. Alikuwa mtu wa makamo, anaongea taratibu kama anayemwandikisha mwanafunzi imla. "Kila mtu mji huu ananiambia askari. Mimi nimechoka na hao askari. Mama, umewaona makuli wanaoshusha magunia sokoni?"

"Nawaona. Wananiziba mlango."

"Kuna mmoja pale hanyanyui gunia."

"Mnyapara. Kazi yake kupiga kelele."

"Akiugua?"

"Makuli wanakaa wanacheza drafti."

"Haya. CD4 ndio wanyapara. Ni chembe saidizi kwenye damu. Zenyewe hazibebi mzigo, zinawaamuru wanaobeba. Na hiki kirusi chako, kati ya wafanyakazi wote wa mwili, kinawaandama hao hao. Sasa chanjo ni gunia la mazoezi. Mnyapara anawaonyesha makuli namna ya kulikamata, na anabaki anakumbuka, ili siku gunia la kweli likija wasianze kuulizana. Wanyapara wakiwa wachache, mazoezi yanapita bure. Umechomwa sindano, una kadi, lakini kinga huna."

"Mimi shida yangu kadi," dada alisema.

"Sijamaliza. Chanjo nyingi gunia lake ni mfu. La homa ya manjano lina kitu hai ndani. Kimedhoofishwa, lakini ni hai. Mtu mwenye wanyapara wachache, mazoezi yenyewe yanaweza kumlaza. Yanaweza kumuua. Chini ya mia mbili sikuruhusu."

Mara ya mwisho alipopimwa, kabla ya vidonge, alikuwa na mia moja na kidogo. Tangu hapo hakuna aliyejua. Daktari alijaza fomu akaandika namba mahali pa jina.

Ndege ilikuwa wiki tatu mbele, na kadi ya njano huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano. Nilichora mistari kwenye daftari langu nikahesabu. Kazi yangu ilikuwa kusahihisha prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, katika kiwanda cha uchapaji karibu na Mnazi Mmoja, na kuhesabu mistari nilizoea. Sindano ilitakiwa ichomwe kabla Jumatatu ya wiki ya pili haijaisha. Mashine ya kuhesabu CD4 ilikuwa moja, katika maabara moja mjini, na ilifanya kazi Jumanne na Alhamisi tu, damu iwe imefika kabla ya saa nne asubuhi. Kwa hiyo tulikuwa na Jumanne moja na Alhamisi moja. Zinatosha, nilimwambia.

"Mimi kwenye lile benchi sikai," dada alisema.

Benchi lenyewe lilikuwa nje ya maabara, limetazama barabara. Hapakuwa na kibao, lakini mji mzima ulijua waliokaa pale wanasubiri kupimwa nini. Wateja wa dada walipita barabara hiyo kila siku. Nilibishana naye, kisha nikaona nusu ya siku zetu itaishia kwenye ubishi. Tukakubaliana kwamba yule nesi mstaafu amtoe damu nyumbani, na mimi niibebe kwa miguu hadi maabara.

Nesi huyu sote tulimwita Mama. Alikuwa amepunguzwa kazini pamoja na wengi wengine serikali ilipopunguza watumishi wake, na sasa alikuwa na chumba kidogo cha kuchoma sindano na kufunga vidonda nyuma ya nyumba tuliyopanga. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa chanjo. Alikuwa amebeba chanjo za surua na polio kwa baiskeli, kwa mtumbwi na kichwani, na hakuna hata chupa moja iliyowahi kumharibikia kwa joto. Alikuwa analisema hilo mara nyingi, na lilikuwa kweli.

Jumanne saa moja asubuhi alimtoa dada damu kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Mimi nilikuwa nje nafunga kamba za viatu. Alinikabidhi kikasha cha bluu chenye mkanda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kimbia mwanangu, usisimamesimame."

Sikukifungua. Niliona ni utaratibu. Nilikata Mnazi Mmoja, nikapita katikati ya watu waliokuwa wanafunga vipaza sauti vya mkutano, nikafika maabara saa mbili na robo. Mtaalamu wa maabara, kijana aliyekuwa na redio ndogo mezani, alifungua kikasha mbele yangu. Akatoa kichupa kwa vidole viwili. Kilikuwa kinatiririka maji.

"Hii umeitoa wapi, soko la samaki Feri?"

"Naam?"

"Naona barafu. Nikadhani umeniletea changu wa kukaanga." Alinisogezea kichupa nikishike. Kilikuwa baridi kama soda. "Damu ya CD4 haipoozwi, kaka. Tunahesabu chembe ambazo zinatakiwa ziwe hai na nzima. Ukizigandisha zinaharibika, mashine inakupa namba ya uongo. Hii siingizi."

"Imekaa saa moja tu."

"Hata dakika tano. Alhamisi, mambo yawe ya joto la kawaida. Mfuko wa shati unatosha."

Nilirudi nikiwa nimekasirika kiasi kwamba nilipitiliza mtaa wetu. Nesi alinisikiliza huku anachemsha mabomba ya sindano, na uso wake ulionyesha kwamba mwenye kosa ni kijana wa maabara.

"Ana umri gani huyo?"

"Mama, umri wake hauhusiani."

"Mimi nimebeba chanjo kabla mama yake hajaolewa. Kitu cha tiba kikipata joto la Dar es Salaam kimekwisha. Unajua mwezi huu jua likoje?"

"Hii siyo chanjo, Mama. Ni damu. Chanjo inataka baridi, damu hii inataka joto la kawaida."

"Kwa hiyo kinachoingia mwilini kiwe baridi, kinachotoka kiwe moto."

"Ndiyo."

"Haya," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwachia mtoto ashinde.

Kufikia Alhamisi nilikuwa nimekwishamweleza mara mbili zaidi, na dada naye akamweleza. Nilipofika saa moja na nusu, kichupa kilikuwa kimefungwa kwenye pamba juu ya meza yake. Nilikigusa, hakikuwa baridi. Nikakitia mfukoni, nikatembea mkono ukiwa juu ya moyo kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Kijana wa maabara alikipokea na hata akanisifu. Ijumaa mchana nilichukua karatasi. Mia moja sabini na moja.

Dada aliisoma amesimama kati ya mapazia, akaikunja, akanirudishia.

"Hiyo ni namba ya barafu."

"Dada, ya barafu ilikataliwa. Hii ni ya jana."

"Vidonge nimemeza mwaka mzima. Sijakosa siku hata moja. Umeniona nakosa? Nilikuwa na kilo arobaini na nane, leo sketi hazifungi. Halafu unaniletea mia moja sabini na moja. Kamuulize huyo bibi yako wa chanjo."

Nilikwenda kuuliza ili nirudi nimnyamazishe. Nesi alikuwa anakunja bendeji. Nilimuuliza kama Alhamisi alifanya kama tulivyokubaliana.

"Nilifanya ulivyosema."

"Hukuiweka kwenye barafu?"

"Barafu sikuigusa."

Niliona amekunja bendeji ileile mara ya pili. Nikamuuliza, "Na friji?"

Alikuwa na friji moja, ndogo, aliyoinunua mwenyewe, na alikuwa anaifuta kila asubuhi kwa kitambaa. Aliitazama kabla ya kunijibu.

"Dakika kumi tu. Ulikuwa umechelewa. Nikaitoa niliposikia mlango wa uani, nikaishika mkononi ipate joto."

Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alikuwa ameniambia ukweli wakati angeweza kunidanganya, na ukweli huo ulikuwa umevuruga kila kitu. Huenda dakika kumi za friji hazikubadilisha chochote. Huenda zilikuwa zimekula wanyapara thelathini. Hakuna mtu mjini aliyeweza kuniambia, na karatasi niliyokuwa nayo mfukoni haikuwa ya kuamini wala ya kutupa.

Kosa nililolifanya mimi ni kumweleza dada yote. Alisikiliza hadi mwisho, akapiga makofi mara moja.

"Si nilisema!"

"Hukusema hivyo. Hatujui. Inaweza kuwa juu ya mia mbili, inaweza kuwa hiyohiyo. Jumanne tunapima tena."

"Jumanne siku za sindano zimekwisha."

"Tiketi inasogezwa. Wenzako watangulie, wewe ufuate."

"Mimi peke yangu Bombay? Kiingereza changu ni cha bei tu."

Muuza viatu, ambaye hakuwa anajua tunaongelea nini zaidi ya kadi, aliingilia kati. "Dada, mbona unajitesa? Kadi zinauzwa. Kuna jamaa Buguruni, anakugongea muhuri bila hata kukuona mkono."

"Nyamaza wewe na viatu vyako," tulisema wote wawili.

Jumamosi na Jumapili hatukuongea la maana. Jumatatu saa tatu nilitoka kazini kwa ruhusa ya nusu saa nikapita Mchikichi. Upande wa viatu ulikuwa wazi, upande wa mapazia umefungwa. Muuza viatu alisema dada ametoka na pasipoti.

Sijawahi kuvuka Barabara ya Msimbazi vibaya kama siku ile. Ofisi ya chanjo za wasafiri haikuwa mbali. Njia nzima nilikuwa napanga maneno makali, na nilikuwa nayo ya kutosha, yamepangika vizuri, la kwanza, la pili, la tatu. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nje, pasipoti imo mkononi, mikono ya blauzi imeshuka yote miwili.

"Umechoma?"

"Sijaingia."

"Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Saa mbili. Kuna binti pale mlangoni anauliza maswali. Umeshawahi kuugua hiki, una ugonjwa ule, unatumia dawa gani. Nikamwambia asubiri kidogo. Tangu hapo nakaa hapa natafuta uongo mzuri."

"Umeupata?"

"Nimepata wa aina tatu. Wote mzuri." Aliifuta pasipoti kwa kiganja. "Halafu najiuliza, huyu mtoto nikimdanganya atajuaje? Hatajua. Atanichoma. Wakati wa kufa nitakuwa nimemkomoa nani?"

Nilikaa ngazi ya chini yake. Yale maneno makali nilikuwa bado nayo na yakanikera kwa kukosa pa kwenda. Dada alisema, "Kesho nakwenda kwenye benchi. Damu itoke mkononi iingie kwenye mashine. Sitaki mtu anibebee, wewe wala bibi. Mmenitosha."

Jumanne alitoka amevaa buibui na nikabu aliyoazima kwa jirani. Sisi ni Wakristo wa Masasi, na buibui lile lilikuwa fupi, viatu vyake vya dukani vinaonekana vyote. Nilimwambia kila mtu anavijua viatu vile. Akaniambia nitangulie. Kwenye benchi walikuwa watu kama kumi na wawili, kila mmoja anatazama upande ambao mwenzake hatazami. Dada alikaa katikati ya wanawake wawili. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikijifanya nasoma gazeti nililokuwa nimelisahihisha mwenyewe.

Kijana wa maabara alitokea mlangoni. "Mia nne kumi na saba!"

"Nipo!" dada aliitika.

Aliitika kwa sauti yake ya Mchikichi, ile ya kumwita mteja aliyeshafika kona. Hata mimi ng'ambo nilishtuka. Mwanamke aliyekaa kushoto kwake aligeuka taratibu.

"Hee. Mama mapazia?"

Benchi zima likamgeukia. Dada alisimama na nikabu yake. Nilidhani atakimbia.

"Ndiyo mimi," alisema.

"Afadhali. Lile la zambarau lenye maua bado lipo? Nilikuja jana umefunga."

"Lipo. Uje kesho. Mita ngapi?"

"Nne. Dirisha langu kubwa."

"Nne hazitoshi, chukua tano uweke marinda," dada alisema, akaingia ndani kutolewa damu. Alipotoka nikabu ilikuwa mkononi.

Karatasi tuliichukua pamoja Jumatano. Mia moja themanini na sita. Haikuwa namba ya barafu wala ya friji, ilikuwa ya kwake. Daktari alisema imepanda vizuri kutoka ilikokuwa, dawa zinafanya kazi, aendelee, tuangalie tena baada ya miezi sita. Alilisema kwa furaha. Dada alimtazama kama unavyomtazama fundi aliyekuletea kabati zuri lisilopita mlangoni.

"Kumi na nne tu, daktari. Huwezi kuniazima kumi na nne?"

"Ningekuwa nazo za kuazimisha, mama, foleni ingefika Kigamboni."

Wenzake wawili walikuja dukani jioni hiyo, tiketi mikononi, kumuuliza kama amepata kadi. Nilikuwepo. Alikuwa na uongo mzuri wa aina tatu ambao haujatumika, na nilikuwa na hakika nitausikia mmojawapo.

"Daktari amenikatalia sindano," alisema.

Muuza mashuka alimtazama tumbo. "Una mimba?"

"Nina miaka arobaini na sita na mume marehemu. Nina virusi. Nameza dawa, mnaniona mzima, lakini wanyapara wangu hawajafika mia mbili."

Walitazamana. Ikabidi awaeleze, na aliwaeleza vizuri kuliko daktari, akiwaonyesha kwa mkono makuli waliokuwa wanashusha majora ya vitambaa ng'ambo ya mtaa: huyu anabeba, huyu anaamuru, wakija wageni huyu ndiye anayekumbuka. Muuza vitambaa vya suti aliuliza kama wanyapara wanaongezeka wakila samaki. Muuza mashuka alivuta kigoda akakaa karibu sana na dada, magoti yakagusana.

Kisha akasema, "Basi tuambie rangi. Tukuchagulie sisi."

"Nyinyi? Mtaniletea njano."

"Tuandikie, hatutabadilisha."

Dada alinigeukia. "Lete hilo daftari lako. Andika." Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika namba moja, nikapiga mstari chini yake. "Namba moja, nyekundu."

Niliandika nyekundu.

"Umeandika nyekundu tu? Futa. Nyekundu ziko ngapi duniani? Watachukua ya damu, watachukua ya pilipili, watachukua ile ya bendera ya chama gani sijui. Andika nyekundu ya kanga mpya kabla haijafuliwa mara ya kwanza. Halafu mwanga wa dukani unadanganya, andika waipeleke mlangoni waitazame juani. Umeandika juani?"

"Naandika, dada."

"Soma nisikie."